Kubadili rangi ya kisutu kwenye GIMP bila kuua nakshi: shajara ya mradi

Jumamosi, 3 Agosti 2024

Naandika hii kwa sababu mara ya mwisho nilifanya kazi ya namna hii nikasahau hatua zote, ikabidi nianze upya kama vile sijawahi kushika kompyuta. Shangazi yangu wa Tanga anashona foronya za mito ya sofa na vitambaa vya meza, sasa amepata kazi ya harusi, na mama wa bi harusi anataka kila kitu kiwe na nakshi ya kisutu ila siyo nyekundu, anataka aone kwanza ya kijani, ya njano na ya bluu ndo achague. Wa kumwonyesha hizo picha ni mimi, maana ndo "mtu wa kompyuta" wa ukoo.

Kwa wasioijua, kisutu ni ile kanga ya zamani ya harusi, rangi tatu tu, nyekundu, nyeusi na nyeupe. Hii ya shangazi haina jina (yale maneno ya chini), ni pindo na mji basi. Nikajiambia rangi yenyewe ya kubadili ni moja, nyekundu, nusu saa nimemaliza. Leo nacheka.

Vifaa: laptopu ya zamani yenye GIMP 2.10, programu ya bure ya kuhariri picha. Simu ya kawaida. Gharama mpaka sasa: bando 5,000.

Jumapili, 4 Agosti

Kanga ina kama mita moja na nusu kwa mita moja na sentimita kumi, skana ya kawaida inachukua karatasi ya A4, kwa hiyo skana nimeisahau. Nimepiga picha kwa simu. Ya kwanza nilitandika kanga chini nikasimama juu yake, kivuli changu chote kimo ndani. Ya pili nikaitundika kwa vibanio vya nguo kwenye ukuta wa nyuma, upande wa kivuli, saa nne asubuhi, simu nimeiegemeza kwenye kiti juu ya vitabu. Hiyo imetoka, ila kushoto kuna mwanga zaidi kuliko kulia. Kwa macho huoni, lakini ukichukua kipande cha kushoto ukakiweka kando ya cha kulia unaona kabisa hii ni kanga ya juzi na ile ni ya mwaka jana.

Hapa nimepoteza saa mbili. Nilisoma mahali kwamba unakopi leya (tabaka la picha), unaififisha kwa Gaussian Blur kubwa, afu unaigawanya picha kwa hiyo leya, ile modi ya Divide. Nikafanya hivyo na kanga yenyewe. Mwanga ukakaa sawa kweli, lakini mji wote umepauka, yale maeneo mapana ya nyekundu yamekuwa pinki katikati na makali pembeni, kwa sababu blur haijui tofauti ya kivuli cha ukuta na ua kubwa la kanga, vyote inaviona ni madoa tu.

Dawa yake: bila kugusa simu wala kubadili mwanga wa kamera, nikatoa kanga nikatundika shuka jeupe palepale, nikapiga. Sasa picha ya shuka ndo nimeififisha, pikseli 100, mikunjo yake yote ikapotea ukabaki mwanga wa ukuta peke yake, nikaiweka juu ya picha ya kanga kwa modi ya Divide. Kushoto na kulia vikalingana, nyeupe ikawa nyeupe. Hii hatua usiiruke hata kama unaona picha yako iko poa, utakuja kunikumbuka kwenye kuunga vipande. Na shuka lisiwe limeungua kwa mwanga, ukiona limekuwa jeupe pe mpaka uzi hauonekani, punguza mwanga kwenye kamera na vyote viwili uvipige upya.

Picha ina pikseli 60 kwa kila sentimita ya kitambaa. Inatosha.

Jumatano, 7 Agosti

Siku ya kufeli.

Jaribio la kwanza: Colorize kwenye menyu ya Colors, nikasogeza slaida mpaka kijani. Kila kitu kimekuwa kijani. Nyeupe imekuwa maji ya mlenda, nyeusi imekuwa kijani cha chupa. Maana Colorize haiulizi kama hapo palikuwa na rangi au hapakuwa, inamwaga kotekote.

Jaribio la pili: Hue-Saturation, nikabonyeza R peke yake ili iguse nyekundu tu, nikaizungusha digrii 120. Hili lilinifurahisha kama dakika tano. Nyeupe imebaki nyeupe, nyeusi imebaki nyeusi, nyekundu imekuwa kijani. Nikaizumu sasa. Pembeni ya kila ua kuna uzi mwembamba wa pinki na zambarau, kama vile mtu amepita na kalamu ya midomo. Sababu ni kwamba zile pikseli za mpakani, kati ya nyekundu na nyeupe, siyo nyekundu kamili, zimeelekea zambarau kidogo, kwa hiyo zimeangukia kwenye fungu la M (majenta) na siyo R, nayo M sikuigusa. Ukichanganya na JPEG ya simu, ambayo kwa kawaida inahifadhi rangi kwa usahihi mdogo kuliko mwanga, basi rangi inamwagika nje ya mstari hata kabla hujafanya lolote.

Nikasema basi nizungushe rangi zote bila kuchagua R, si nyeupe na nyeusi hazina rangi ya kuzungusha? Kumbe nyeupe ya pamba siyo nyeupe tupu, kuna sehemu imeelekea umanjano wa kufuliwa na jua, nayo ikazunguka ikawa kibuluu.

Lakini tatizo kubwa zaidi nililiona niliporudi nyuma hatua mbili nikaangalia picha kwa mbali. Ile siyo kisutu tena. Maua yapo, mistari ipo, lakini uzito haupo. Ile nyekundu ilikuwa nzito, nyeupe ilikuwa inaruka mbele, sasa kijani na nyeupe vinagombana na nyeusi imebaki peke yake inapiga kelele.

Nikachota rangi nikapima. Nyekundu ya kanga: 178, 24, 40. Kijani nilichopata: 40, 178, 24. Namba ni zilezile zimebadilishana viti, kompyuta inaona haki imetendeka. Jicho haliko hivyo. Jicho linaona kijani kina mwanga zaidi kuliko nyekundu ya nguvu ileile. Kwenye kipimo cha L, kinachoanza 0 nyeusi mpaka 100 nyeupe kwa jinsi jicho linavyoona, nyekundu yetu ilikuwa 38 na hicho kijani kimeruka mpaka 64. Nimebadili rangi, na bila kujua nimebadili mwanga pia, na nakshi inakaa kwenye mwanga. Ukitaka kuamini chukua kanga yoyote uipige picha nyeusi na nyeupe, ua utaliona vizuri tu.

Nimelala saa nane.

Jumamosi, 10 Agosti

Mpango mpya. Sizungushi rangi. Natenganisha rangi na mwanga, mwanga nauacha, rangi naiweka mpya juu.

GIMP ina modi ya leya inaitwa LCh Color, imekuja na 2.10. Leya ya juu inatoa rangi, ya chini inatoa mwanga. Kuna na HSL Color ambayo inaonekana ni kitu kimoja ila siyo, hiyo ya HSL inahesabu mwanga kwa njia ya kompyuta na siyo ya jicho, nimejaribu zote mbili na LCh ndo ilibakiza uzito.

Shida: leya ya kijani ikifunika picha nzima nyeupe nayo inapata kijani, tumerudi kwenye mlenda. Inatakiwa maski, kijani kionekane pale tu palipokuwa na nyekundu. Nikaanza kuichora kwa Select by Color. Usijaribu. Kizingiti kikiwa kidogo kinaacha mashimo kila penye uzi wa kitambaa, ukikiongeza kinakula kingo za nyeusi. Saa nzima nabofya.

Dawa imetoka kwenye Decompose, iko Colors afu Components. Ukichagua LAB inakupa picha mpya yenye leya tatu za kijivu. Ya L ni mwanga. Ya A ni umbali kati ya kijani na nyekundu. Nilipoizima L nikaiona A peke yake nilipiga kofi mezani. Nyeusi na nyeupe za kanga zote mbili zimekuwa kijivu kilekile cha katikati, huwezi kuzitofautisha, na nyekundu yote imesimama nyeupe juu yake. Yaani maski imejichora yenyewe, na kingo laini kama zilivyo kwenye kitambaa.

Nikaenda Levels, pembetatu nyeusi nikaisogeza mpaka ivuke kidogo kile kijivu cha katikati kiwe nyeusi tii, pembetatu nyeupe nikaivuta kushoto mpaka nyekundu iwe nyeupe kabisa. Nikakopi, nikapesti kwenye maski ya leya ya kijani, Ctrl+H kuifunga. Kijani kimekaa kwenye nyekundu tu.

Na ule uzi wa pinki bado upo! Mwembamba, lakini upo.

Jumapili, 11 Agosti

Uzi wa pinki. Nimeukuza maski kwa pikseli 1, pinki imepungua na nyeupe imepata kijani. Nimeififisha maski, ndo kwanza pinki imeenea. Nimeanza kuipaka kwa brashi ua moja moja, ua la tatu nikaacha.

Jibu limekuja wakati nakunywa chai, na ni la kijinga hivi: pale mpakani maski ni nusu, kwa hiyo nusu ni kijani changu na nusu ni ile nyekundu ya chini inayochungulia. Sasa kwa nini chini kuwe na nyekundu? Kanga ni nyekundu, nyeusi na nyeupe. Nikishajua nyekundu iko wapi, na maski ninayo, ile picha ya chini sihitaji iwe na rangi hata chembe. Nikaifanya kijivu yote. Pinki ikaondoka, ule umanjano wa kufuliwa nao ukaondoka, vyote kwa pigo moja. Siku nne hizo.

Ila na hapa kuna mtego, nimeukanyaga. Desaturate ina njia kadhaa za kupata kijivu. Mimi nilikuta iko kwenye Value nikabonyeza tu, na nusu ya maua yakapotea. Value inachukua namba kubwa kuliko zote kati ya tatu, na kwa nyekundu yetu kubwa ni 178, kwa hiyo nyekundu inahesabiwa ni kitu chenye mwanga na inakaribiana na nyeupe. Chagua Luminance. Hiyo inaipa kijani uzito mkubwa kuliko zote, nyekundu inafuata, bluu ya mwisho, ambavyo ndivyo jicho linavyopima. Au tumia ile leya ya L ya kwenye Decompose.

Mpangilio wa faili kwa sasa, kutoka chini: picha ya kijivu, kopi ya kijivu hichohicho yenye maski ya A, juu kabisa rangi tupu kwa modi ya LCh Color yenye maski hiyohiyo. Ile kopi ya katikati nimeiweka ili nikitaka kung'arisha au kufifisha rangi bila kugusa nyeusi na nyeupe, napiga Curves pale tu.

Kijani kimekamilika. Nimemtumia shangazi. Kajibu kwa sauti: "Ahsante baba, hiyo hata mimi ningeivaa."

Jumatano, 14 Agosti

Njano. Nilidhani nabadilisha rangi ya leya ya juu tu basi, dakika moja. Nikaweka njano ya kuvutia kabisa na nikapata tope. Siyo njano chafu, tope, rangi ya maji ya Pangani yakishanyeshewa.

Ni ileile hesabu ya mwanga, safari hii imenigeukia. Nyekundu kali kabisa ya kompyuta ina L ya 53, kijani 88, bluu 32, njano 97. Njano inaishi juu huko karibu na nyeupe. Mimi nimeilazimisha ishuke mpaka 38 kwa sababu ndo mwanga wa nyekundu yangu, na njano ya 38 haipo duniani, ikifika huko inaitwa kahawia. Kwa hiyo lile somo la "mwanga usiguse" lina mwisho wake, kuna rangi haziingii bila kuguswa mwanga.

Nikapandisha Curves kwenye ile leya ya katikati. Kwenye 60 ikawa haradali. Kwenye 80 ikawa embe dodo limeiva, nzuri sana, ila sasa nyeupe yetu iko 93 na njano iko 80, maua meupe yamezama. Ukisogea mita mbili unaona madoa meusi yanaelea kwenye bahari ya njano.

Nimehangaika nayo jioni nzima afu nikampigia shangazi kumwambia njano haiwezekani, mwambie mteja achague nyingine. Akaniambia ngoja. Namsikia anafungua sanduku. Akaniambia, "Baba, hapa nina kanga nne za njano, na hakuna hata moja njano imegusana na nyeupe. Katikati pana nyeusi. Ukiacha viguse vinakunywana." Akanipigia picha. Kweli, kila ua jeupe limezungushiwa wino mweusi, na mnene kuliko wa kisutu chetu. Wachoraji wa kanga walishalijua hili siku nyingi bila L wala A.

Basi: kwenye picha ya kijivu nikachagua nyeusi, Select afu Grow pikseli 4, Feather pikseli 1 isiwe na meno, nikajaza nyeusi kwenye leya mpya juu ya zote. Pikseli 4 kwa kipimo chetu ni kama theluthi mbili ya milimita, huoni kama mstari umenenepa ila njano na nyeupe zimeachana. Njano nikaishusha mpaka 76. Imekubali.

Mila ya nakshi nimeigusa kidogo hapo, nakiri. Mstari siyo uleule. Shangazi kasema hakuna atakayepima.

Jumamosi, 17 Agosti

Bluu ilikuwa rahisi, shida yake ni kinyume cha njano: nilichagua bluu nzito mno, nyeusi ikazama ndani, kwenye simu yenye mwanga mdogo madoa hayaonekani kabisa. Curves kidogo, bluu ikapanda mpaka 45, yakarudi.

Kuunga kipande kijirudie: nimekata sentimita 40 za mji, pikseli 2400, nikatumia Offset kusogeza nusu ili kingo zije katikati, nikaziba mshono kwa Clone. Mshono wa mwanga haukuwepo kabisa, ile shuka ya tarehe 4 imelipa. Uliokuwepo ni wa nakshi, kwa sababu kanga yenyewe haijachapwa sawasawa, safu ya madoa inapanda kama milimita mbili kutoka kushoto kwenda kulia. Nimeinyoosha kwa Shear. Hiki kipande nimekifanya kwenye picha ya kijivu na kwenye maski tu, kwa hiyo rangi zote zimekipata mara moja.

Umeme ukakatika katikati ya Clone na nilikuwa sijaseivu. Seivu XCF (faili la GIMP lenyewe), seivu kila saa.

Jumamosi, 24 Agosti

Nimechapisha karatasi za A3, rangi tatu, 2,500 kila moja, jumla 7,500. Njano nzuri. Bluu nzuri. Kijani kimezimika, kile kilichokuwa kinang'aa kwenye skrini kimekuwa kijani cha sare ya shule. Wino wa printa haufikii kijani na bluu zote ambazo skrini inaweza kuonyesha, zile kali zinarudishwa kwa nguvu kwenye kilichopo. Nimerudi nikapunguza ukali wa kijani kwenye leya ya juu mpaka skrini na karatasi vikakaribiana. Kwenye skrini sasa hakipendezi kama mwanzo, lakini afadhali mteja aone kitu atakachokipata.

Na jambo jingine, picha nilizomtumia mama wa bi harusi kwa WhatsApp kama picha za kawaida zilifika zimebanwa, madoa madogo yamekuwa uji. Nimemtumia tena kama dokumenti.

Jumamosi, 31 Agosti

Mteja kachagua kijani kwa foronya na njano kwa vitambaa vya meza. Nilifurahi kuhusu njano, baada ya usumbufu wote ule.

Mita moja ya majaribio ya sablimesheni (kuchapa kitambaa kwa wino unaohamishwa kwa joto) imetoka leo, 18,000. Hii njia inashika kwenye poliesta tu, kwenye pamba wino unaondoka, na haina wino mweupe, nyeupe yako ni nyeupe ya kitambaa chenyewe. Kwa hiyo kitambaa kiwe cheupe kweli. Cha kwanza tulicholetewa kilikuwa maziwa, tukakirudisha. Foronya za poliesta shangazi kakubali, za meza hataki, anasema kitambaa cha meza lazima kinywe maji, na kwa hilo bado tunatafuta fundi wa kuchapa kwenye pamba.

Foronya ya kwanza kaishona saa ileile, kailowesha, kaisugua kwa sabuni ya mche, kaianika juani. Rangi haijatoka. Alichokikuta yeye, ambacho mimi sikukiona kwenye skrini wiki nne nzima, ni kwamba ua moja karibu na kona halina doa lake jeusi la katikati, na kwa sababu kipande kinajirudia, halina kila baada ya sentimita 40. Nililifuta mwenyewe na Clone siku ya umeme. Nimeshalirudisha kwenye picha ya kijivu, rangi zote tatu zimepona.

Jumla ya gharama: bando 5,000, A3 7,500, mita ya majaribio 18,000, yaani 30,500, bila kuhesabu usingizi. Mteja sasa anauliza kama inawezekana zambarau kwa ajili ya upande wa bwana harusi. Naianza wiki ijayo, nadhani itakaa karibu na 40 bila Curves.